Mkono Unacheza, Kosa Liko Kwenye Nguzo: Kisa cha Rili ya Zamani ya Breki ya Nyota

Rili hii ililetwa kwangu mara mbili kwa kosa lilelile. Mara ya pili ndiyo yenye mafunzo, lakini siwezi kuieleza bila ya kuanza na ya kwanza, kwa sababu mara ya kwanza niliirudisha kwa mwenyewe nikiwa nimeridhika kabisa kwamba imepona.

Ni rili ya kuvulia baharini, ile ambayo ngoma yake ya kuzungushia mshipi hulala kukingama fimbo, ya kubeba mshipi mzito. Mbavu zake mbili ni za bakelaiti nyeusi, plastiki ngumu ya zamani, zilizozungushiwa pete za kromu, na ngoma yake ni ya shaba iliyopakwa kromu vilevile. Mwenyewe aliirithi kwa baba yake, na bado anaivulia. Maneno yake yalikuwa machache: "Fundi, mkono unacheza," yaani ule mkono wa kuzungushia rili. Nilikishika kirungu cha mkono nikakisukuma ndani, nikakivuta nje. Kilikwenda karibu milimita 6.

Akaniambia kwamba baba yake alikuwa akiikaza nati ya mkono kila kabla ya kutoka. Nati yenyewe ilikuwa shahidi: pembe zake zote sita zilikuwa zimeliwa na koleo. Nilipoitoa nilikuta chini ya mkono kipande cha bati kilichokatwa kwa mkasi na kukunjwa, kimechomekwa ili kuziba nafasi. Mtu alikuwa amekwisha kupigana na mlegeo huu kabla yangu, na kwa muda mrefu.

Siku hiyo nilifungua ubavu wa kulia nikakuta skrubu nne zinazolishika bamba la ndani zimelegea, kila moja kiasi cha nusu mzunguko. Nilifurahi, maana nilidhani nimelipata kosa. Nilizikaza, nikaifunga rili, nikapima tena: milimita 4. Nikajiambia kwamba hizo 4 zilizobaki ni uzee tu, na rili ya umri ule haiwezi kubana kama mpya. Hapo ndipo nilipokosea. Kosa likipungua kwa theluthi moja halijatibiwa. Umeondoa kosa moja na kuliacha jingine lililokuwa limejificha nyuma yake. Baada ya kwenda kuvua mara tatu, mwenyewe alirudi. Milimita 6 zilikuwa zimerudi, na sasa rili ilikuwa ikisaga kila inapovuta kitu kizito.

Kwa ambaye hajawahi kuifungua rili ya namna hii, nieleze mkono unashikwa na nini. Ndani ya ubavu wa kulia mna bamba la shaba, unene wake kama milimita 2, lililofungwa kwenye bakelaiti kwa zile skrubu nne zinazoingia kutoka nje. Juu ya bamba imesimama nguzo ya chuma, urefu wake kama milimita 20. Kiwandani, mkia wa nguzo ulipitishwa kwenye tundu la bamba kisha ukagongwa upande wa pili mpaka ukatanuka, kama ribiti. Hauna hesi wala lehemu. Silivu ya gia, bomba fupi, huvalishwa kwenye nguzo na kuzunguka juu yake. Silivu hubeba gia kubwa na washa za breki, kisha nyota, yaani gurudumu lenye miale la kukazia breki, ambayo hutembea kwenye hesi ya silivu na kuzibana zile washa, na mwisho kabisa mkono, ambao tundu lake limechongwa bapa ili liushike ubapa wa silivu.

Kwa hiyo kati ya kiganja cha mvuvi na mwili wa rili pana viungo vinne: mkono na silivu, silivu na nguzo, nguzo na bamba, bamba na ubavu. Cha pili peke yake ndicho kilichoumbwa kizunguke. Vile vitatu vingine havina ruhusa ya kutikisika hata kidogo. Mwenye rili, baba yake, na yule wa kipande cha bati, wote walikuwa wakikitibu kiungo cha kwanza. Mimi niliruka mpaka cha nne. Hakuna aliyekigusa cha tatu.

Na dalili ilikuwa mbele ya macho yetu. Mkono ulipoyumba, nyota iliyumba pamoja nao. Lau kosa lingekuwa kwenye mkono na silivu, mkono ungecheza peke yake na nyota ingetulia, kwa sababu nyota imekamatwa na hesi ya silivu na haijui habari za tundu la mkono. Vikiyumba pamoja, mlegeo uko chini ya vyote viwili. Hiki ndicho kipimo cha kwanza ninachokifanya siku hizi, kabla ya kushika bisibisi yoyote: kidole kimoja juu ya nyota, mkono mwingine unatikisa kirungu.

Kipimo cha pili kilikuwa hesabu, nayo ilinishangaza. Kutoka katikati ya nguzo hadi kwenye kirungu ni milimita 75. Ncha ikicheza milimita 6, nguzo imelala kwa uwiano wa 6 kwa 75. Kwenye bamba la unene wa milimita 2, ulalo huo unahitaji nafasi ya milimita 0.16 tu. Hiyo ni nafasi ambayo jicho halioni, na ukucha hauisikii. Nikageuza hesabu upande wa silivu: ikiwa imelika na kuwa na nafasi ya milimita 0.05 kwa urefu wake wote wa milimita 20, kirungu kingecheza kiasi cha milimita 0.2. Silivu kulika peke yake kusingeweza kamwe kuleta milimita 6. Ingekuwa inapwaya kiasi cha kuonekana ukiitazama tu. Kosa lilikuwa mahali pafupi, maana mlegeo kwenye kiungo kifupi hukua sana unapofika mwisho wa mkono mrefu.

Basi nikaifungua yote, safari hii bila haraka. Skrubu za bamba, ambazo nilizikaza mwenyewe, zilitoka kwa urahisi, lakini zile za pete zilikuwa zimegandishwa na chumvi. Hapo pana hatari ambayo lazima niitaje. Bakelaiti, iliyobuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907, ni plastiki ambayo ikishaganda haiyeyuki tena. Watu husikia hivyo wakadhani inavumilia moto na nguvu. Haiyeyuki, ni kweli, lakini hupasuka kama kigae, na ufa wake hukimbia kutoka tundu la skrubu hadi ukingoni. Kwa hiyo sikutumia moto wala nyundo karibu nayo. Nilidondosha oili nyepesi ya kulegeza kutu kwenye kila kichwa, nikaacha usiku kucha, na asubuhi nikachukua bisibisi ambayo ulimi wake unajaza mfereji wa skrubu kwa upana wote. Nilianza kwa kuikaza kila moja kidogo sana, mpaka niliposikia mlio mdogo wa chumvi kuvunjika, ndipo nikazifungua. Bisibisi nyembamba ingevila vichwa vyote, na skrubu za asili za rili ya zamani zikishalika hupati nyingine zenye hesi ile kwa urahisi.

Nilipolipata bamba mkononi, nikiwa nimetoa gia, silivu, springi na kile kidole kinachozuia mkono usirudi nyuma, nilijaribu kuitikisa nguzo kwa vidole. Sikusikia kitu. Ni hapo wengi husema nguzo ni nzima. Lakini vidole vimeshika milimita 20, havina ule urefu wa 75. Nilidondosha tone moja la oili nyepesi kwenye shina la nguzo, nikaipangusa ile ya ziada, kisha nikavalisha kipande cha bomba kwenye nguzo kama mkono wa kuongezea na kusukuma taratibu huku na huku. Oili ikawa inapumua: ukisukuma upande mmoja inanyonywa ndani, ukirudisha inatoka na viputo vidogo, imebadilika rangi kuwa nyeusi. Weusi ule ni unga wa chuma na shaba vinavyosagana. Chuma kilichogongwa kama ribiti na kikashika hakivuji oili. Hapakuwa na la kubishania tena.

Swali lililonishughulisha zaidi lilikuwa kwa nini ililegea. Ribiti ile iliwekwa kiwandani na ilidumu miaka mingi, na kurudisha kitu bila kujua kilichokilegeza ni kujiandalia mara ya tatu. Jibu nililipata kwenye mkono. Haukuwa wa asili. Ulikuwa mrefu kuliko ule ambao rili ilitoka nao, na kirungu chake kilikuwa kinene na kilichosimama mbali zaidi na ubavu. Mkono mrefu humpa mvuvi nguvu zaidi ya kuzungusha, na hapo anashawishika kuikaza nyota hadi mwisho na kumvuta samaki kwa rili peke yake. Kirungu kilichosogea nje nacho huipinda nguzo zaidi kila anapokisukuma, kwa sababu nguvu yote iko mbali na shina. Mvuvi mzoefu huinua fimbo kumvuta samaki, halafu huishusha huku akizungusha, na rili inakuwa ya kukusanya mshipi uliolegea tu. Nilipomuuliza mwenyewe baba yake alikuwa akivuaje, alinionyesha kwa mikono: fimbo imetulia, mkono unazunguka. Rili ilikuwa imefanywa winchi.

Umbo lenyewe la breki ya nyota ndilo linaloipa nguzo mzigo huu. Katika rili za zamani zaidi mkono ulikuwa ukirudi nyuma kwa kasi samaki anapokimbia, ukiwapiga wavuvi vidole, na breki ilikuwa kipande cha ngozi kilichobanwa kwa dole gumba juu ya ngoma. Mwaka 1913, karibu na kisiwa cha Catalina huko California, William Boschen alimkamata samaki upanga kwa fimbo na rili ya breki ya nyota iliyotengenezwa na Julius vom Hofe wa Brooklyn, na tangu hapo mpango huo ukaenea. Washa zinateleza ndani ya gia, mkono unabaki umetulia, vidole vinapona. Ila sasa mvuvi anaweza kuendelea kuukandamiza mkono wakati samaki anavuta, na mikandamizo yote miwili inakutana kwenye nguzo ile moja na ribiti yake.

Njia za kutengeneza zilikuwa nne, na nilizipima zote. Kubadilisha bamba zima na kuweka jingine ndiyo njia fupi, lakini ingemaanisha kukitoa kiungo cha asili kwenye rili ambayo mwenyewe anaitunza kwa ajili ya baba yake. Niliiweka akiba. Kulehemu kwa fedha kungeshika kuliko vyote. Tatizo ni joto: shaba ikipata joto la lehemu ya fedha hulainika, bamba hupinda, na vile vijiti vidogo vya kidole na springi, ambavyo navyo vimegongwa kwenye bamba hilohilo, vingelegea. Ningetibu kimoja na kuua vitatu. Gundi peke yake sikuifikiria kwa muda, kwani gundi juu ya chuma kinachotikisika hukatika. Nilichagua kuigonga upya ribiti, kisha kuacha gundi ya kufungia vyuma iingie kwenye nafasi iliyobaki.

Kabla ya kugonga lazima chuma kiwe tayari kugongwa. Nilitazama mkia wa nguzo kwa kioo cha kukuzia, nikitafuta nyufa kama miale kuzunguka ukingo uliotanuliwa. Zingekuwapo ningeacha, kwa sababu mkia uliopasuka ukigongwa tena humeguka. Haukuwa na ufa. Niliupitisha tupa laini mara moja ili kuujua ugumu wake, nayo ikauma bila kuteleza. Maana yake chuma hakijakomazwa na kitakubali kutanuka. Kisha nikaliosha shina kwa asetoni mara kwa mara huku nikiitikisa nguzo, mpaka kile kinachotoka kikawa cheupe kama kilichoingia. Hatua hii ilinichukua muda kuliko nyingine yoyote, na nadhani ndiyo iliyoamua matokeo. Unga ule mweusi na grisi iliyokaa humo vingebaki, ningekuwa nimeubana uchafu badala ya chuma.

Sasa namna ya kulishika bamba. Nilitoboa tundu kwenye kipande cha chuma kizito, upana wake ukitosha nguzo bila kupwaya, na kina chake kikiwa kifupi kidogo kuliko urefu wa nguzo. Nguzo ikashuka kichwa chini hadi ikatua sakafuni mwa tundu juu ya kipande chembamba cha shaba, na bamba likabaki limeelea juu ya chuma kwa nafasi ya unene wa karatasi. Tundu likiwa refu kupita kiasi, bamba ndilo litakalolala juu ya chuma, na kila pigo la nyundo litakuwa likiisukuma nguzo kutoka kwenye bamba badala ya kuufunga mkia. Nimekwisha kuona bamba lililoharibiwa hivyo, na aliyeligonga hakuelewa kwa nini kila akigonga mlegeo unaongezeka.

Nilitumia nyundo ndogo na panchi yenye ncha ya mviringo. Mapigo yalikuwa mepesi na mengi, yakianzia katikati ya mkia na kuzunguka kuelekea ukingoni. Pigo moja kubwa hulalisha nguzo upande; madogo hukitanua chuma sawasawa pande zote. Kila baada ya mzunguko mmoja niliitoa, nikaiweka guni ya chuma kwenye shina na kutazama mwanga kati ya guni na nguzo pande mbili zinazokingamana. Mara mbili niliona nguzo imeinama kidogo, nikairudisha kwa kugonga upande ulioinuka. Ilipofika mahali ambapo mkono wa kuongezea haukuweza tena kuitikisa, niliacha. Kuna kishawishi cha kuongeza mapigo machache kwa usalama, lakini mapigo hayo ndiyo huanzisha zile nyufa.

Gundi niliyotumia ni ile nyepesi kama maji ambayo hukauka pale tu inapokosa hewa. Inajipenyeza yenyewe kwenye nafasi ndogo, na shaba huiharakisha kukauka. Niliidondosha pande zote mbili za bamba, nikapangusa iliyobaki juu, nikaiacha mpaka siku ya pili. Bakelaiti na springi zilikuwa mbali muda wote huo.

Gia ilinipa mawazo. Meno yake yalikuwa yanang'aa upande mmoja tu, ukanda wa kama theluthi ya upana wa jino, na humo yalikuwa yameliwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa ile sauti ya kusaga: nguzo ikilala, gia kubwa hulala nayo, na ile gia ndogo ya ngoma hukamatwa kwa ncha za meno badala ya uso mzima. Nilipakaza rangi ya kalamu ya wino kwenye meno, nikakusanya kila kitu na kuzungusha. Safari hii rangi ilifutika karibu upana wote, isipokuwa kwenye ule ukanda ulioliwa. Nilimweleza mwenyewe kwamba gia itafanya kazi, lakini imekwisha kupoteza sehemu ya nguvu zake. Akaamua ibaki. Ningekuwa mimi ningeamua hivyohivyo.

Washa za breki zilikuwa za kahawia, zimekomaa kama mbao. Nilizibadilisha bila kuzipiga msasa, na naomba kila anayefungua rili ya zamani afanye hivyo. Baadhi ya pedi za breki za miaka hiyo zilitiwa asbesto, kwa macho huwezi kuitambua, na vumbi lake halifai kuvutwa puani. Ziloweshe, zitoe, zifunge kwenye mfuko.

Kipande cha bati nilikitupa. Mkono ule mrefu nilimrudishia mwenyewe kwenye bahasha, nikamuuliza kama ule wa asili upo. Siku mbili baadaye aliuleta, aliupata ndani ya sanduku la chubwi na ndoana kuukuu za baba yake. Ulikuwa mfupi kwa karibu vidole viwili, na tundu lake, kwa kuwa halikuwa limetumika kwa miaka, lilishika ubapa wa silivu bila kuhitaji bati lolote.

Katika kufunga, gia zilipata grisi, beringi za ngoma oili nyepesi, na hesi za skrubu mguso wa grisi ili chumvi isizigandishe tena. Skrubu nne za bamba nilizikaza kwa kukingamisha, kidogo kidogo, nikaacha pale zilipoanza kukataa. Nilipima kirungu: milimita 0.4. Nikafunga mshipi kwenye mizani ya springi, nikaikaza nyota mpaka breki ikaanza kuteleza kwenye kilo 5, nikazungusha mkono huku mizani ikivuta. Haikusaga.

Kabla ya kulifunga bamba nilikuwa nimekwaruza mstari mwembamba kwa sindano, ukipita kutoka kwenye mkia wa nguzo hadi kwenye shaba. Silivu inapozunguka huivuta nguzo nayo izunguke. Ribiti ikianza kulegea, mstari utavunjika mahali chuma kinapokutana na shaba kabla mkono haujaanza kuyumba. Mwenyewe amevua nayo msimu mzima, kwa mkono mfupi, akiinua fimbo na kuzungusha wakati wa kuishusha. Alipoileta nimwoshee chumvi nilifungua ubavu, nikadondosha tone la oili kwenye shina na kusukuma. Oili ilitulia, na mstari bado umenyooka.